SAFARI YA SOKONI: TUJUE KIPIMO KABLA YA BEI



Vikundi vyetu vingi vinajua kulima na kufuga. Shida huanza siku ya kuuza. Broka akifika shambani, huja na bei yake, gunia lake na haraka yake. Mkulima hubaki akisema, "Haya, chukua tu." Jasho la miezi minne linakwenda hivyo.

Dawa moja iko karibu. Kikundi kitume watu wachache washinde sokoni siku moja kusoma, si kununua wala kuuza. Katika somo hili twaeleza jinsi ya kufanya safari hiyo kutoka Dagoretti Corner, Nairobi. Ninyi mlio mbali mwaweza kufanya vivyo hivyo kwenye masoko ya kwenu.

NJIA MBILI

Dagoretti Corner ni njia panda. Barabara ya Ngong yapita hapo ikitoka mjini kwenda Karen na Ngong. Ukiendelea mbele wafika Kiserian, katika Kaunti ya Kajiado. Barabara ya Naivasha nayo yaanzia hapo, yapita Kawangware hadi Uthiru. Kutoka huko ukishika njia za Kabete wafika Wangige, katika Kaunti ya Kiambu, soko linalojulikana kwa mboga na mayai.

Soko la mboga na soko la mifugo yote huchangamka asubuhi. Basi watu wanne wagawane: wawili Wangige, wawili Kiserian. Jioni wakutane Dagoretti Corner na kulinganisha daftari zao. Kabla ya kulipa nauli, ulizeni siku ya soko.

BIASHARA YA ZAMANI

Soko la upande huu si la jana. Katika karne ya 19, misafara ya Waswahili kutoka pwani ilisimama Ngongo Bagas, karibu na Ngong ya leo, kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuvuka nchi ya Wamaasai. Mskoti Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883. Wanawake wa Kikuyu na wa Kimaasai nao walibadilishana mali hata wakati wanaume wao walipokuwa wakipigana.

Misafara ililipa kwa shanga, waya na nguo. Nguo ilipimwa kwa mkono, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Lakini mkono wa nani? Wa mrefu au wa mfupi? Swali hilo bado liko sokoni hadi leo.

SOMO LA KWANZA: MKEBE

Muulize muuzaji kwa heshima: "Mama, gorogoro ya maharagwe leo ni pesa ngapi?" Akijibu, usiandike bei peke yake. Utazame mkebe. Gorogoro ni ule mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia. Mkebe mzima na mkebe uliobonyezwa kitako vyaitwa jina moja, lakini havibebi sawa. Tena kuna kujaza hadi mdomoni, na kuna kujaza mpaka kilima.

Mayai ni vivyo hivyo. Trei ni ya mayai 30, lakini kuna makubwa na madogo, ya kienyeji na ya gredi. Andika ni yapi.

SOMO LA PILI: GUNIA

Hapa ndipo wakulima wa viazi huumia. Gunia hujazwa, kisha hushonewa wavu juu na kuongezwa viazi vingine. Hiyo ndiyo lumbesa. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme gunia ni shilingi 3,000. Likiwa la kilo 50, kilo moja ni shilingi 60. Likiwa lumbesa ya kilo 120, kilo moja ni shilingi 25. Bei ya gunia haikubadilika, lakini mkulima ametoa kilo 70 bure.

Kanuni za viazi za mwaka 2019 zasema mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Sheria ya vipimo na mizani, Sura ya 513, nayo yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Lakini sheria haitembei yenyewe shambani. Mkulima mmoja akikataa lumbesa, broka ataenda kwa jirani. Kikundi chote kikikataa pamoja, ataenda wapi?

SOMO LA TATU: MACHO

Kiserian, mbuzi huuzwa kwa macho. Mnunuzi hushika mgongo, hutazama meno, hurudi nyuma, hutaja bei. Jicho lake limezoea. La mfugaji anayeuza mara mbili kwa mwaka halijazoea. Iko tepi ya kuzungusha kifuani mwa mnyama, nayo hukisia uzito wake. Kikundi chaweza kununua moja na kupima nyumbani kabla ya kwenda sokoni.

MAMBO YA KUANDIKA

1. Bei, saa, na kipimo. Bei ya alfajiri na ya saa nane mchana si moja.
2. Bei ya kilo moja. Kila mkebe na gunia ugeuzwe kuwa kilo.
3. Gharama: nauli, mbebaji, ushuru wa kaunti. Ushuru udaiwe risiti.
4. Mnunuzi wa jumla anayeweza kununua kwa kikundi moja kwa moja.

Wenye kwenda wawe mama na baba, mzee na kijana, na mmoja wao awe mwenye kuandika vizuri. Wakirudi wasome taarifa mbele ya wote, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mara ya mwisho mlipouza, ni nani aliyeleta kipimo?
2. Gunia mlilouza lilikuwa kilo ngapi? Kama hamjui, mtajuaje?
3. Mwaweza kuchanga na kununua mizani moja ya kikundi? Itatunzwa na nani?
4. Mtafanya nini mwenzenu akikubali lumbesa kwa siri kwa sababu ya karo ya watoto?

Swali la nne lisirukwe. Ni gumu, na kikundi kisichokuwa na jibu lake hakitaweza kushikilia bei hata msimu mmoja.