Umbali wa "Wale": Katama Mkangi na Jina la Walenisi

Hadithi za kubuni za kisayansi ni chache katika fasihi ya Kiswahili, na miongoni mwa chache hizo Walenisi (1995) ya Katama Mkangi ina nafasi ya pekee. Mkangi, mwanasosholojia wa pwani ya Kenya, alikuwa amekwishaandika Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Mwaka 1986, akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikamatwa na kuwekwa kizuizini. Katika riwaya iliyofuata, mhusika mkuu Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Badala ya kuangamia, anafika Walenisi, nchi ya watu walio sawa.

Uhakiki wa riwaya hii huvutwa kwa urahisi na itikadi yake. Jina lenyewe lastahili kuchunguzwa kwanza. Ni sentensi kamili, "wale ni sisi", iliyofanywa nomino kwa kudondosha silabi moja kati ya mbili zinazofanana. Uzito wake umo katika -le. "Hawa" wako karibu na msemaji. "Hao" wako karibu na msikilizaji au wamekwishatajwa. "Wale" wako mbali na wote wawili. Kitenzi kishirikishi "ni" chawalinganisha walio mbali na wasemaji, ilhali kionyeshi chaendelea kuwaweka mbali. Lau jina lingalitokana na "hawa ni sisi", chombo cha angani kisingalikuwa na kazi.

Umbali wa namna hii waweza kupatikana hata mpakani. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, mkoani Kagera, wakapiga kambi Benaco. Mkangi hakuandika habari zao. Hata hivyo, Kihangaza cha Ngara, pamoja na Kisubi kisemwacho Ngara na Biharamulo, viliwekwa na Guthrie katika kundi la D60, yaani kundi lile lile la Kinyarwanda na Kirundi. Mhangaza aliyesema "wale wakimbizi" aliwatenga kwa kionyeshi watu ambao lugha yao ilikaribiana mno na yake.

Ni kweli kwamba wenyeji wa Walenisi huhutubu kuliko wanavyozungumza, na kisanaa huo ni udhaifu. Lakini Mkangi hakuziachia hotuba kitabuni: mwaka 1997 aligombea urais wa Kenya kwa tiketi ya Kenya National Congress, akashindwa. Alifariki mwaka 2004 katika ajali ya barabarani.