MFALME HENRY WA TANO: SINEMA NA VITA VYENYEWE

Watu waonapo sinema ya vita vya kale, aghalabu hutoka na swali moja: Je, mambo haya yalitukia hivi kweli? Swali hili ni jema, nalo lastahili jibu. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za sinema moja yenye sifa kubwa, iitwayo Henry V, iliyotolewa Uingereza mwezi wa Novemba 1944, pamoja na habari za vita vilivyoizaa.

Sinema hiyo iliongozwa na Laurence Olivier, naye ndiye aliyejifanya mfalme. Maneno yake yalitoka katika mchezo wa Shakespeare, uliotungwa karibu na mwaka 1599. Wakati ule Waingereza walikuwa wakipigana na Wajerumani. Kwa hiyo picha za mapigano zilipigwa mwaka 1943 katika nchi ya Ireland, ambayo haikuingia vitani, kwenye shamba kubwa la Powerscourt. Mamia ya wenyeji walivikwa mavazi ya askari wa kale. Mwanzoni mwa sinema yameandikwa maneno ya kuwaheshimu askari wa Uingereza wa makomando na wale wa kushuka kutoka angani. Basi yafaa tukumbuke kwamba sinema hii ilitengenezwa ili kuwatia moyo watu walio vitani.

ASILI YA UGOMVI

Mwaka 1328 mfalme wa Ufaransa, Charles wa Nne, alikufa bila mwana wa kiume. Edward wa Tatu, mfalme wa Uingereza, alikuwa mwana wa dada yake. Walakini wakuu wa Ufaransa walikataa urithi upitie upande wa mwanamke, wakamtawaza Philip wa Valois, mwana wa baba mdogo wa marehemu. Mwaka 1337 vita vilianza, navyo vilikwenda na kukoma, vikaanza tena, hata mwaka 1453. Henry wa Tano, kitukuu cha Edward, aliufufua ugomvi huo.

MAPIGANO YA AGINCOURT

Mwezi wa Agosti 1415 Henry alivuka bahari, akauzingira mji wa Harfleur. Mji ulijitoa tarehe 22 Septemba, lakini ugonjwa wa kuhara damu ulikuwa umekwisha kuwaua askari wake wengi. Akaazimu kwenda Calais, mji uliokuwa mkononi mwa Waingereza. Vivuko vya mto Somme vilikuwa vimelindwa, ikawalazimu kuufuata mto kwa siku nyingi, hali wana njaa na wamelowa mvua. Hata walipovuka, wakakuta jeshi la Wafaransa limewazibia njia karibu na kijiji cha Agincourt.

Tarehe 25 Oktoba majeshi yakakabiliana. Wataalamu wa historia hawapatani juu ya hesabu. Wengine husema Waingereza walikuwa 6,000, wengine 9,000. Wote wakubali kwamba Wafaransa waliwazidi. Je, wachache waliwashindaje wengi?

Kwanza ni ardhi. Uwanja ulikuwa shamba lililolimwa karibuni, nao ulikuwa umebanwa na misitu kuume na kushoto. Mvua ya usiku iliugeuza kuwa matope. Wafaransa, waliovaa deraya za chuma, walizama wakienda kwa miguu, na wingi wao ukawa mzigo: waliokuwa nyuma waliwasukuma wa mbele, hata wengine wakaanguka wasiweze kuinuka.

Pili ni upinde. Wengi wa askari wa Henry walikuwa wapiga upinde, watu wa kawaida wenye pinde ndefu kama kimo cha mtu. Ustadi wao haukupatikana kwa siku moja. Tangu mwaka 1363 Edward wa Tatu alikuwa ameamuru watu wajizoeze kupiga upinde siku za sikukuu. Mbele yao walichomeka vigingi vilivyochongwa ncha, na farasi wa adui hawakuweza kupita.

Tatu ni uongozi. Mfalme wa Ufaransa, Charles wa Sita, alikuwa na maradhi ya akili, na jamaa zake walikuwa wakigombea utawala. Uwanjani mabwana wengi walitaka kuwa mbele, na wapiga mishale wao wakawekwa nyuma wasikofaa kitu.

YALIYOACHWA KATIKA SINEMA

Katika sinema uwanja ni wa majani mabichi na jua lang'aa. Tena Mfaransa mmoja apandishwa juu ya farasi kwa kamba na kapi, hali mtu aliyezoea deraya aliweza kupanda mwenyewe. Mfalme apigana peke yake na jemadari wa Ufaransa. Jambo hilo halikutukia, ingawa jemadari huyo, Charles d'Albret, aliuawa siku ile.

Lakini neno zito zaidi ni hili. Mapigano yalipokuwa hayajaisha, Henry aliogopa shambulio jipya, akaamuru mateka wauawe, watu waliokwisha kujitoa. Shakespeare hakuficha amri hiyo. Imo katika mchezo wake. Sinema iliiacha. Ilikuwa vigumu kumwonyesha shujaa akitenda hivyo mbele ya watu ambao wana wao walikuwa vitani.

MWISHO WAKE

Mwaka 1420 Henry alifanya mapatano, akamwoa Catherine, binti wa mfalme wa Ufaransa, akaahidiwa kurithi kiti. Hakukikalia: alikufa tarehe 31 Agosti 1422, majuma machache kabla ya mkwewe. Mwanawe alikuwa mtoto mchanga. Hata kufika 1453, Waingereza walikuwa wamebakiwa na Calais tu, nayo ikawatoka mwaka 1558.

Twawashauri walimu wanaofundisha habari hizi wawaulize wanafunzi maswali mawili: Sinema yaonyesha nini, na imeacha nini? Kisha wawaulize ni nani aliyeitengeneza, na wakati gani. Sinema nzuri yaweza kuamsha moyo wa kujifunza. Lakini aliyeona sinema tu amesikia upande mmoja wa shauri. Na kila mzee wa baraza ajua kwamba hukumu haikatwi kwa ushahidi wa upande mmoja.