SOMO LA WIKI: Diski ina nafasi, lakini mafaili hayaandikiki

Mfanyabiashara wa jumla anayetunza hesabu zake katika seva ya Linux anaweza kukumbwa na tatizo la kutatanisha. Asubuhi stakabadhi zinaandikwa bila wasiwasi. Saa saba mchana karani anahifadhi mauzo, mashine inakataa ikidai kuwa nafasi imekwisha. Baada ya muda inakubali tena. Jioni fedha za kwenye droo hazilingani na bidhaa zilizotoka ghalani, kwa kuwa mauzo ya saa ile hayamo vitabuni.

Wengi hukimbilia kununua diski kubwa zaidi. Kabla ya kutoa fedha hizo, fundi aulizwe maswali mawili.

La kwanza ni la ujazo: amri ya df -h huonyesha nafasi iliyotumika na iliyobaki. La pili husahaulika: amri ya df -i huonyesha inodi zilizobaki.

Inodi ni kama mstari katika leja ya ghala. Kila mzigo unaoingia sharti uandikwe mstari wake. Leja ikijaa, mwenye ghala hawezi kupokea hata katoni moja ya kiberiti, ingawa nusu ya sakafu iko wazi.

Katika mfumo wa mafaili wa ext4, idadi ya inodi hupangwa diski inapoandaliwa, kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384. Diski ya gigabaiti 100 hupata takriban inodi milioni 6.5. Kila faili, liwe kubwa au dogo, hula moja. Hivyo mafaili ya kilobaiti 4 kila moja yanaweza kumaliza inodi zote huku yakiwa yamejaza takriban robo tu ya diski.

Kwa nini kosa huja na kuondoka? Programu nyingi huacha mafaili madogo ya muda. Kazi ya usafi inayoendeshwa kwa ratiba hufuta baadhi, inodi chache zikapatikana, kisha zikajaa tena. Ndiyo maana kipimo kichukuliwe wakati kosa linapotokea, si baada ya saa nzima.

Tiba huanza kwa kutafuta folda yenye mafaili mengi kwa amri ya du --inodes. Nakala ya hesabu iwekwe pembeni kwanza, ndipo mafaili ya muda yasiyotumika yafutwe. Programu inayoyaacha nayo irekebishwe, la sivyo tatizo litarudi, na diski kubwa itakuwa imelichelewesha tu. Anayeandaa seva mpya anaweza kuchagua XFS, ambayo hutenga inodi kadiri zinavyohitajika.

Ikiwa vipimo vyote viwili ni vizuri, fundi atazame mgao wa diski aliowekewa mtumiaji, kikomo cha mafaili ambayo programu inaweza kuyafungua kwa pamoja, na kama diski imegeuka ya kusomwa tu baada ya hitilafu. Kila moja huwa na maneno yake ya kosa, kwa hiyo karani ayanakili yote pamoja na saa.

Mwenye duka naye adai vipimo hivyo viwili kila wiki. Inodi zikifika asilimia 80, usafi ufanyike kabla stakabadhi hazijaanza kukataliwa.