Tokeni za 500 zako, tokeni za 500 za jirani: mbona uniti si sawa?

Swali hili tunalisikia sana, kuanzia Kimbo kule Ruiru hadi Makongeni, Thika: "Nimenunua tokeni za 500 na nimepata uniti chache kuliko jirani. Nani amekula pesa yangu?" Mara nyingi hakuna aliyekula. Lakini usipojua bei ya stima inavyopangwa, hutajua siku ambayo kweli umeibiwa. Habari hizi ni za bure, ukijua pa kuzitafuta.

1. Meseji ya tokeni
Usiifute! TknAmt ni pesa iliyonunua stima yenyewe. OtherCharges ni kodi na tozo nyingine, ikiwemo VAT.

2. EPRA
Kenya Power inakuuzia stima, lakini bei huidhinishwa na EPRA, mamlaka iliyoundwa na Sheria ya Kawi ya 2019. Tovuti yake ina jedwali la bei. Wateja wa nyumbani wako katika makundi 3: hadi uniti 30 kwa mwezi, 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Kundi lako hutegemea wastani wa miezi 3, na ukipanda kundi, bei ya kila uniti nayo inapanda. Hapo ndipo wewe na jirani mnapoachana.

EPRA pia hutangaza bei ya petroli tarehe 14 kila mwezi, na huwapa mafundi wa stima leseni. Kabla fundi hajagusa waya zako, mwombe leseni.

3. Gazeti Rasmi la Serikali
Tozo ya mafuta hubadilika, na notisi yake huchapishwa hapa. Mfano uko karibu: kituo cha Thika Power, cha megawati 87, huzalisha stima kwa mafuta mazito. Vituo kama hivi vikifanya kazi sana, tozo hupanda. Mvuke wa Olkaria na maji ya Mto Tana yakitosha, tunapumua kidogo.

4. Chuo jirani
Je, una kijana anayetaka kusomea sola au kawi? JKUAT iko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, na ina taasisi ya kawi na teknolojia ya mazingira.

Ukiona kitu hakieleweki
Anza na Kenya Power: piga 97771 au bonyeza *977#. Usiporidhika, peleka malalamiko EPRA.

Na tafadhali, tokeni hulipiwa Paybill 888880. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Mtu akikupigia simu akisema utume pesa kwa nambari yake ili "afungue mita", huyo ni tapeli. Kata simu. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema ametoka kwetu.

Zoezi la leo jioni
Tafuta meseji zako za miezi 3, jumlisha uniti, kisha gawanya kwa 3. Tuseme umepata 28, 33 na 35. Jumla ni 96, wastani ni 32. Umevuka mpaka wa kundi la kwanza kwa uniti 2 tu! Pasi ya stima ikipumzika kidogo, au taa moja ikizimwa mapema, unaweza kurudi chini ya 30. Wewe umepata ngapi?