MASHAMBA YA NJORO: MLIMAJI, POLITIKI NA CHUO

Ndugu wanafunzi, katika somo hili tunatoka Bunia, tunavuka Uganda, tunafika Njoro, karibu na mji wa Nakuru huko Kenya. Sisi wana wa Ituri tunajua neno konsesio tangu utoto. Basi habari hii haitatushinda kuelewa.

Mtu wa kwanza ni Lord Delamere, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1870. Kwa mwaka 1903 serikali ya Kingereza ilimpatia konsesio ya eka 100,000, ni kusema hekta 40,000 hivi. Jaribu kuizunguka kwa mguu! Akaleta kondoo wa ngambo, wakakufa, kwani nyasi za pale zilipungukiwa na madini. Ngombe nao wakashikwa na magonjwa. Akapanda ngano. Ilikua vizuri, halafu ikapigwa na kutu, ule ugonjwa unaofanya majani kuwa mekundu kama chuma kizee. Wengine wangefunga mizigo. Yeye alikopa feza juu ya mali yake ya Uingereza, akaajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu, wakatafuta ngano yenye kuvumilia kutu. Hata leo pale Njoro kuna kituo cha kuchunguza mbegu za ngano. Kwa kazi hiyo tunamsifu, wala hatuoni haya.

Lakini tusisome nusu ya habari. Udongo wa Bonde la Ufa ulikuwa malisho ya Wamasai. Kwa mapatano ya 1904 walihamishwa, wengine Laikipia, wengine kusini. Tangu 1911 wale wa Laikipia nao wakaondolewa. Delamere aliingia katika Baraza la kutunga sheria mwaka 1907, na mpaka kufa kwake 1931 alisimama imara ili mashamba ya nyanda za juu yakae mikononi mwa Wazungu tu.

Na chuo je? Kilitoka kwa mlimaji mwingine wa Njoro, Lord Maurice Egerton, aliyekuja Kenya katika miaka ya 1920. Huyu hakuoa, na alijijengea nyumba kubwa ya mawe ambayo watu wanaiita kasri. (Kasri ya mtu mmoja!) Mwaka 1939 alitoa eka 740 kwa ajili ya shule ya kilimo. Shule ya nani? Ya vijana wa Kizungu. Mwaka 1950 ikapandishwa kuwa chuo cha kilimo, 1955 ikaitwa Chuo cha Egerton, na nyuma kidogo ya hapo mlango ukafunguliwa kwa watu wa rangi zote, hata wa inchi nyingine za Afrika. Mwenyewe alikufa 1958. Tangu 1987 iko universite.

Tulipokuwa tunaandika somo hili, hatukupatana. Wawili wetu walisema: shamba lile sasa linafundisha watoto wa kila kabila, basi yaishe. Mwenzetu akauliza: na yule mzee Mmasai aliyeondoka na ngombe wake 1904, yeye alilipwa na nani? Tukanyamaza.

Mjadiliane darasani, kisha mwandike jibu lenu kwa mistari kumi, mumpe kapita wa darasa.