Ng'ombe Apigaye kwa Pembe

Jumatano

Soma Kutoka 21:28, 29. Ni jambo gani lililobadilisha hukumu ya mwenye ng'ombe?

Ng'ombe akiua mtu bila kutazamiwa, mwenyewe aliachiliwa. Lakini kama alikwisha kuonywa kwamba mnyama wake hupiga kwa pembe, naye asimfunge, alistahili kufa pamoja naye.

Kila Desemba familia nyingi husafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro kula Krismasi nyumbani. Mbege hunywewa hadi usiku, kisha shemeji huinuka akitafuta ufunguo wa gari, na watoto hupanda nyuma. Mwadventista aliyekunywa soda anaona yote. Hasemi neno, kwa maana shemeji ni mkubwa kwake, na kumzuia mbele za watu ni kumvunjia heshima.

Kahawa na maji baridi humchangamsha mlevi, lakini kileo hakitoki. Ini hukiondoa polepole, kwa saa nyingi; aliyelala usiku wa manane aweza kuamka alfajiri akiwa bado hafai kuendesha. Basi habari ya ufunguo izungumzwe mchana, faraghani, kabla mbege haijamiminwa, na kitanda cha mgeni kiwe kimekwisha kutandikwa.

Katika ukoo wako, shemeji huyo humsikiliza nani? Ni lini utakwenda kuzungumza na mtu huyo?