Mpe Mtoto Jina la Mti

Vijana wenzangu, watoto ninaowalea katika Utoto Mtakatifu hapa Ngamiani wanataja wachezaji wa Ulaya bila kukwama. Miti je? Kwao yote ni "mti" tu. Katika Mwanzo 2:19 Mungu anamletea Adamu wanyama awape majina. Anamletea, wakutane kwanza.

Lile ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani hadi leo huliita la Usambara, mbegu zake zilitoka misitu yetu ya Tanga, mwaka 1892! Nauli ya kwenda msitu wa Amani, Muheza, ni ngumu, sawa. Basi Jumamosi hii wapeleke watano kwenye mwarobaini wa jirani: washike gome, wanuse jani, wamuulize bibi matumizi yake. Simu iache nyumbani, tafadhali.